Nimegeuza riwaya kuwa wimbo, umetoka dakika saba na hauimbiki. Nianzie wapi?

Binti_wa_Ziwa

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Naombeni msaada wenu maana hii ni wiki ya tatu nimekwama palepale.

Niko Mwanza, naimba na gitaa, nyimbo natunga mwenyewe, jina bado lkn kuna sehemu mbili hapa mjini huwa wananiita ijumaa na jumamosi. Sasa mwezi uliopita nilikuta Rosa Mistika ya Kezilahabi kwa shangazi, nilishakisoma zamani nikiwa shule ila unajua tena kusoma kwa ajili ya mtihani, unakariri dhamira na ujumbe na wahusika basi. Safari hii umeme ulikatika, simu haina chaji, nikawasha taa ya mafuta nikaanza ukurasa wa kwanza mpaka nikamaliza usiku uleule, na nimelia jamani. Upande wa mama kwetu ni Ukerewe, kwahiyo wengine wakisoma Namagondo wanaona jina la kijiji, mimi naona njia yenyewe, naona ziwa lilivyo jioni, naona sura za watu ninaowajua.

Nikasema hiki lazima kiwe wimbo. Nikaandika beti tano ndefu, ya kwanza Zakaria, baba yake, anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya kijana anaitwa Charles, ya pili shule, ya tatu chuo kule Morogoro na mambo yote yaliyomkuta, ya nne Charles, ya tano anajiua. Kila kitu nimeweka, sikutaka kumdhulumu mwandishi hata kidogo. Dakika saba. Nikaenda kwa prodyuza, akasikiliza yote ameinamisha kichwa, nilipomaliza akaniambia "mdogo wangu umenisimulia muhtasari, sasa wimbo uko wapi?"

Iliniuma ila niliporudi nyumbani nikasikiliza rekodi ya kwenye simu nikaona ana haki. Hakuna hata sehemu moja mtu angeweza kuimba na mimi. Kwahiyo swali langu, wale wanaotoa wimbo kwenye riwaya wanafanyaje? Unachagua nini unaacha nini? Na la pili, je natakiwa kuomba ruhusa kwa mtu? Mwandishi mwenyewe ameshafariki.

Fundi_wa_Kinasa

Pole mdogo wangu, ila huyo prodyuza amekusaidia kuliko angekwambia "kali sana" akachukua hela yako.

Mimi narekodi watu huku Dar mwaka wa kumi na mbili sasa na wanaokuja na hadithi ndefu ni wengi, wengi wao wanakosea palepale ulipokosea wewe, wanadhani wimbo ni kitabu kifupi. Kitabu kina muda, msomaji anakaa nacho siku tatu, anarudi nyuma, anaruka mbele. Wimbo una dakika tatu au nne na ndani yake kuna kitu lazima kirudi. Kiitikio kinarudi mara tatu mara nne, sasa jiulize ni kitu gani ndani ya Rosa Mistika mtu anaweza kukisema mara nne na kila akikirudia kikazidi uzito badala ya kuchosha? Tukio halirudiki. Mtu hafi mara nne kwenye wimbo mmoja, barua haikamatwi mara nne. Kinachorudi ni ombi. Mtu anaomba, hajibiwi, anaomba tena. Tafuta nani kwenye kile kitabu anaomba kitu na hapewi, hapo ndo wimbo wako umelala.

Nikupe mfano ninaoupenda mpaka leo. Kate Bush, binti wa Kiingereza, mwaka 1977 akiwa na miaka 18 tu aliandika Wuthering Heights kutoka kwenye riwaya ya Emily Brontë ya 1847. Ukikisoma kile kitabu utachoka, vizazi viwili, nyumba mbili, watu wana majina yaleyale, wanaooana na wanaokufa hawaishi, na msimulizi sio mmoja. Yeye hakuhangaika na yote hayo. Alianza kwa kuona tu mwishomwisho wa tamthilia yake ya BBC kwenye tivii, kile kitabu akakifuata baadae, na alichokichukua ni dirisha. Sura ya tatu kuna mgeni anaitwa Lockwood kalala kwenye chumba, usiku anasikia kitu kinagonga kioo, anadhani ni tawi, anapasua kioo alishike lile tawi anashikwa na kamkono kadogo ka baridi kama barafu, na sauti inalia nifungulie niingie. Ni marehemu Cathy. Basi. Wimbo mzima ni huyo marehemu dirishani, anaona baridi, anataja jina lake na anaomba afunguliwe.

Ila angalia na ujanja wake hapa maana watu wengi wanaupita. Kitabuni yule marehemu anamlilia Lockwood, mgeni kabisa asiyemjua. Kwenye wimbo anamlilia Heathcliff, mwanaume wake. Kabadilisha anayeombwa! Kitabuni Heathcliff anakuja kufungua dirisha baadae, analia kwenye baridi anamwita, na hakuna anayejitokeza. Kate Bush kawakutanisha watu ambao mwandishi aliwapishanisha kwa dakika chache tu. Ukikijua kitabu hapo unaumia zaidi, usipokijua bado unaelewa kwamba kuna mtu yuko nje na anataka kuingia. Ulitoka januari 1978, mwezi wa tatu ukawa namba moja Uingereza wiki nne, na alikuwa mwanamke wa kwanza kule kufika namba moja na wimbo aliouandika mwenyewe. Na ameimba kwa sauti ya juu kabisa ile nyembamba, wengine inawakera, ila ile ni sauti ya mtu asiye na mwili tena.

Kwahiyo beti zako tano weka pembeni, usizitupe. Tafuta dirisha lako.

Mwl_wa_Fasihi

Habari za jioni. Nakubaliana na Fundi kuhusu ombi lakini nina hofu moja na naomba binti uisikilize.

Nimefundisha riwaya hii miaka mingi. Ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, na kilichowaudhi watu ni kwamba Kezilahabi aliyasema mambo ya mabinti na walimu na wazazi bila kuyafunika shuka. Sasa ukiuchukua ushauri wa "tafuta anayeomba" harakaharaka utamweka Rosa analia nisamehe nisamehe, na utakuwa umempeleka palepale ambapo jamii ilikuwa inataka awe, msichana aliyeharibika anayeomba radhi. Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinauliza nani alimfikisha pale. Baba aliyembana mpaka akawa hajui hata kuongea na mwanaume, halafu akaachiwa ghafla kwenye dunia iliyojaa wanaume wanaojua wanachotaka. Hilo swali likipotea wimbo utakuwa wa kuhuzunisha tu, na watu wataulilia kisha wataenda nyumbani kuwafungia mabinti zao vilevile.

Kuna kipindi huwa nasoma kwa sauti darasani ile sehemu ya barua. Siwaelezi kitu, nasoma tu. Mwaka fulani nilipomaliza palikuwa kimya, halafu msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha mkono akauliza "mwalimu, na wale wadogo zake walikuwa wanasikia?" Sikuwa nimewahi kuwaza hilo. Rosa ana wadogo wa kike, na nyumba ya kijijini haina ukuta wa kuzuia sauti. Anachofundishwa mkubwa kwa fimbo wadogo wote wamekisikia, na kila mmoja atakwenda nacho kwa njia yake.

Kwahiyo ningekuwa mimi mtunzi, mwimbaji asiwe Rosa. Awe mtu aliye nje anayesikia. Hapo ombi la Fundi linabaki, ila anayeombwa anakuwa baba, na kosa linakaa kwa mwenyewe.

Msomaji_wa_Usiku

Mi naomba niwe tofauti kidogo. Sipendi vitabu vikigeuzwa nyimbo. Nikishasikia sauti ya mtu fulani ndo Rosa, basi kila nikifungua kitabu nasikia ile sauti, sura niliyokuwa nayo kichwani inafutika. Mwandishi aliniachia nafasi nimjaze Rosa mwenyewe, mwanamuziki anakuja anaijaza yeye.

Fundi_wa_Kinasa

Nakuelewa, lakini mimi Brontë nisingemsoma maisha yangu yote kama sio ule wimbo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, Kiingereza cha kuungaunga, nikanunua kitabu cha mtumba pale Posta nikakaa nacho miezi na kamusi pembeni kwa sababu tu nilitaka kujua yule dada alikufaje na kwanini anaona baridi. Na sauti ya Kate Bush kichwani ilififia nilipofika sura ya kumi hivi, kitabu kilikuwa na nguvu kuliko yeye.

Mwalimu, hiyo ya wadogo zake naivulia kofia. Hiyo ndo dirisha.

Malenga_wa_Kibokoni

Assalaam aleikum nyote. Nawasoma tangu jana na nataka kusema kitu kwa mwanangu wa Mwanza, mimi ni mtu wa Mombasa na nimekulia kwenye mashairi.

Mnazungumza kama kwamba hadithi na wimbo ni vitu viwili vilivyokutana juzi. Huku kwetu hadithi ndefu ilikuwa ni wimbo tangu mwanzo. Utenzi hausomwi kimya, una sauti yake, mtu akikaa akaanza kuughani nyumba nzima inajua. Mwana Kupona alipomuandikia binti yake utenzi mwaka 1858 alijua utaimbwa, na hadi leo wako wanawake wanaouimba. Na Siti binti Saad wa Unguja, yeye alichukua visa vya kweli vya mjini, kama kile cha Kijiti aliyemuua mwanamke na akatorokea bara, akavifanya taarabu watu wakalia na wakajadili haki za mahakama humohumo ndani ya wimbo. Shaaban Robert naye akamrejesha Siti kwenye kitabu, akaandika wasifu wake. Basi njia hii inapitika pande zote mbili, usiogope.

Lakini tatizo lako naliona ni jengine, hakuna aliyeligusa. Umechukua maneno ya nathari ukayatia gitaa. Nathari, maneno ya kawaida ya hadithi, haina mizani, yaani hesabu ya silabi. Kezilahabi mwenyewe alikuwa mtu wa kuvunja mizani, mashairi yake ya Kichomi ya mwaka 1974 yalizusha ugomvi mkubwa kwa sababu hiyo, na ule ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua anachovunja. Wewe unataka watu waimbe nawe, basi wape kitu cha kushika. Chukua kipimo chepesi kabisa, cha utenzi, vipande vinne kila kimoja mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinakwenda na kina chake ambacho kinarudi kila ubeti. Nimejaribu hilo wazo la mwalimu, mdogo mtu aliye nje ya mlango:

Baba mlango kafunga
Nami nje nazungazunga
Sauti ya dada changa
Hadi sasa yanijia

Hesabu kwa vidole. Ba-ba-m-la-ngo-ka-fu-nga, nane. Sikutaja Rosa, sikutaja barua wala fimbo, na hakuna atakayeuliza kuna nini mle ndani. Na lile "hadi sasa" ndilo linalobeba miaka yote uliyotaka kuitia kwenye beti tano. Mwimbaji ameshakuwa mtu mzima na bado anasikia.

Uchukue, ni zawadi, ubadilishe utakavyo.

Haki_za_Watunzi

Nimechelewa ila hakuna aliyejibu swali la ruhusa na hilo ni la kumlinda.

Dada, mwandishi kufariki hakuifanyi kazi yake iwe ya bure. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya vilevile ni 50 kwa sheria yao ya 2001. Kezilahabi amefariki januari 2020, kwahiyo hesabu mwenyewe, mpaka 2070 huko. Na kuigeuza kazi kuwa ya aina nyingine, riwaya kuwa filamu au wimbo, ni haki ya mwenye kazi, ukiitaka unaomba kwa warithi au kwa mchapishaji atakayekuelekeza kwao, na ukikwama unaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakuoneshe pa kuanzia.

Lakini sheria inalinda jinsi kitu kilivyoandikwa, wazo tupu hailindi. Baba mkali, binti aliyefungiwa, mlango, hivyo si mali ya mtu. Ukichukua wahusika na majina yao na mfululizo wa matukio kama beti zako tano za mwanzo, ile ni riwaya yake umeivalisha gitaa, omba ruhusa. Ubeti wa mzee Malenga hapo juu hauna kitu cha Kezilahabi ndani yake isipokuwa uchungu, na uchungu hauna hati.

Hata wakubwa wamegonga ukuta huu. David Bowie alitaka kuifanya 1984 ya George Orwell iwe onesho la jukwaani la muziki, mjane wa Orwell akakataa, Bowie akabaki na nyimbo alizoshaanza kuandika akaziweka kwenye albamu ya Diamond Dogs mwaka 1974. Pink Floyd wao mwaka 1977 walitoa Animals, wazo la Shamba la Wanyama la Orwell huyohuyo, kile ambacho wengi hapa tunakijua kwa tafsiri ya Kawegere ya 1967, ila humo hakuna Napoleon wala Snowball wala Manor Farm. Walichukua nguruwe, mbwa na kondoo wakawasema mabepari wa Uingereza badala ya Urusi ya Stalin, ikawa kazi yao kabisa.

Na huyohuyo Kate Bush wa Fundi. Brontë alikufa 1848 kwahiyo kule hakuhitaji kumuuliza mtu. Ila miaka ya themanini alitaka kuimba maneno yenyewe ya Molly Bloom, yale ya mwisho kabisa ya Ulysses ya James Joyce, wasimamizi wa mirathi wakamkatalia. Akaandika maneno yake mwenyewe juu ya muziki uleule, ukatoka The Sensual World mwaka 1989. Akauliza tena zaidi ya miaka ishirini baadae, wakakubali, 2011 akaurekodi upya na maneno ya Joyce kwa jina la Flower of the Mountain. Mimi nikizisikiliza zote mbili naupenda zaidi ule wa 1989, aliokuwa amelazimika kutafuta maneno yake.

Binti_wa_Ziwa

Jamani sijui nianze kumshukuru nani. Nimesoma yote mara mbili, ya mzee Malenga mara nyingi zaidi. Shikamoo babu.

Nimefanya hivi. Beti nne nimeziondoa zote, Morogoro imeondoka, Charles ameondoka, kifo kimeondoka. Nimebaki na usiku mmoja na mtoto wa kike wa miaka kama tisa yuko nje ya mlango. Na mwalimu, nikuambie ukweli, nilipoandika hivyo nilijikuta siandiki tena kitabu, naandika nyumba ya bibi yangu kule kisiwani, nilikuwa na umri huohuo na nilishasimama nje ya mlango kama ule. Sikuwahi kumwambia mtu. Nadhani ndo maana nililia usiku ule wa taa na nikadhani namlilia Rosa peke yake.

Jina la Rosa sitaliweka kwenye wimbo, ila nikipanda jukwaani nitasema kabla sijaanza kwamba umetoka kwenye kitabu gani, watu wakakitafute. Na barua kwa mchapishaji nitaandika, maana zile beti ndefu sijazitupa, labda siku moja nitazipeleka kwa baraka zao.

Kiitikio kimekuja hivi, nimehesabu kwa vidole kama ulivyosema babu:

Mlango baba fungua
Mimi huku naungua

Napata nane zote mbili, ila ya kwanza inanisumbua kwenye kuimba. Nikisema "mlango" haraka naona kama ni mizani miwili, gitaa linafika kabla yangu. Hiyo M naihesabu au naimeza?

Malenga_wa_Kibokoni

Marahaba mjukuu wangu. Usiimeze hata kidogo. Hiyo M ni mizani kamili, inasimama peke yake, m-la-ngo, tatu. Wengi wanaikimbilia kwa sababu haina irabu. Wewe ivute. Anza nayo midomo ikiwa imefumbwa, mmm, ikae hapo, usifungue mdomo mpaka ufike kwenye "la".

Fundi_wa_Kinasa

Mdomo umefumbwa halafu unafunguka kwenye neno mlango... mdogo wangu hapo gitaa linyamaze. Liache M peke yake, kila kiitikio kinapoanza, na ile ya mwisho ivute mara mbili ya zile nyingine. Ukija Dar nipigie, hiyo nataka kuirekodi mimi.